Mkwe Aliyeambiwa Apande

Basi lilikuwa limesimama kando ya njia, mlango wazi, na juu ya kioo cha mbele bado palisomeka KARATU – ARUSHA. Lori letu lilikuwa limezama kwenye tope jekundu la Qurus, lilikokwenda kupakia mahindi kabla ya kupanda Ngorongoro, na mvua ya masika ilikuwa imenipiga njia nzima. Sikuchunguza kitu. Niliweka begi kichwani, nikakimbia, nikarukia ngazi, nikasema neno ambalo kila msafiri wa nchi hii hulisema:

"Kuna nafasi?"

Mwanamke aliyekaa mahali pa dereva aligeuka. Mbele yake hapakuwa na usukani. Palikuwa na cherehani.

"Nafasi ipo," alisema. "Ila vua viatu."

"Mnaondoka saa ngapi?"

"Sisi hatuondoki, kaka. Tumeshafika. Ingia ndani ukauke."

Kutoka nyuma mwanamume alicheka kicheko cha mtu aliyekuwa akikingoja. "Usione haya, bwana," alisema akinipa gunia kavu nijifute. "Si wewe wa kwanza. Kuna mzee mmoja wa Kimaasai, Lomayani, anatoka kule Arash. Alikuja jioni na mbuzi wake, akakaa kiti hicho hapo, akalala. Sisi tukamwacha. Asubuhi aliamka, akatazama nje, akaona ni palepale. Unajua alisema nini? 'Gari hili ni zuri. Halitikisiki hata kidogo.'"

Mtoto wa kike, hata miaka miwili hajafika, alicheka kwa sababu baba yake alicheka. Kwenye kiti kirefu cha nyuma, mtoto huyo mapajani, alikaa mama wa makamo aliyejifunga kitenge cha kahawia. Yeye hakucheka. Alinitazama miguu, akaona tope, akamwambia yule mwanamume kwa sauti ndogo, "Mkwe, mpe mgeni maji ya moto."

Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwa Clemensi na Marsela, mwaka wa themanini na mbili. Nimelala sehemu nyingi katika maisha haya ya kuzurura: juu ya mapaa ya Khartoum, ndani ya meli iliyokwama mtoni karibu na Kisangani, na kwenye hoteli ambazo sabuni yake ina harufu ya hospitali. Sijawahi kukaushwa vizuri kama siku ile.

Clemensi alizaliwa hapohapo Qurus, mtoto wa wakulima wa ngano na maharage. Jembe halikumkamata. Alipomaliza shule ya msingi aliwafuata wenye malori, akawa utingo, akapakia na kupakua, kisha Hamidi akamchukua awe kondakta wa basi lake. Hamidi ni mwenye duka mjini Karatu, watu wake wa Kondoa, mtu wa swala tano na maneno mia tano. Basi lenyewe ni Leyland, na enzi zake lilikuwa likishuka bonde la Mto wa Mbu likipiga honi tangu juu mlimani. Clemensi alisimama mlangoni mwake ujana wake wote. Aliujua mlango ule kama mtu anavyoujua mdomo wake. Kazi yake ilikuwa sauti na mkono. Sauti iliita, "Panda mama, panda baba, nyuma kweupe!" na mkono ulimshika abiria kiwiko ukamvuta ndani kabla hajabadili mawazo.

Kisha ikaja vita ya Kagera, na baada ya vita vipuri vikawa kama mvua ya Septemba. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, dizeli inatafutwa kwa tochi. Basi lilikufa mwisho wa mwaka sabini na tisa, taratibu, kiungo kimoja kimoja, kama mzee. Hamidi alitoa injini akaifunga kwenye mashine ya kusaga nyuma ya duka lake. Bodi ikabaki uani imekaliwa na kuku.

"Nipe hiyo bodi, bosi," Clemensi alimwambia.

"Uende nayo wapi? Haina injini."

"Siendi nayo. Nakaa nayo."

Hamidi alidhani ni mzaha. Lakini Clemensi alikuwa ameoa mwaka ule, na yeye na Marsela walikuwa wakiishi katika nyumba ya baba yake, nyumba ya zamani ya Kiiraqw, imechimbwa ubavuni mwa mlima, paa la udongo. Wakati wa baridi ina joto, na haina hata dirisha. Marsela ni fundi cherehani. Alikuwa akishona akiwa amekaa mlangoni, akigombania mwanga na kuku na watu waliokuwa wakipita. Watu walimshauri Clemensi ajenge ya miti na udongo, angoje bati likipatikana, kama wenzake. Angeweza. Miti ilikuwepo, nguvu ilikuwepo, na baba yake alishampa kiwanja.

Alimpeleka Marsela uani kwa Hamidi. Marsela alipanda, akawafukuza kuku, akakaa kwenye kiti cha dereva, akatazama kile kioo kikubwa cha mbele na mwanga wote ule.

"Hapa," alisema, "nitaiona sindano."

Basi wakachagua. Nasisitiza neno hilo kwa sababu wapo waliodhani walikosa pa kwenda. Walipatazama pengine pote, wakapaacha.

Lilivutwa na maksai. Majirani walifanya msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, wakafunga jozi za ng'ombe mbele ya Leyland kama inavyofungwa plau, na lile gari lililokuwa likiwatisha ng'ombe barabarani likapelekwa Qurus kwa fimbo na mbinja. Watoto walilifuata wakiimba. Viti vingine vikatolewa vikawa mabenchi ya nje. Kitanda kikawekwa nyuma, pale juu ya ekseli. Jiko likajengwa nje, kibanda cha mabua, maana Marsela hakutaka moshi kwenye nguo za watu. Mwezi wa Julai, baridi inaposhuka kutoka msitu wa Ngorongoro, bati lilitoa jasho usiku na kulidondoshea kitanda. Marsela alishona magunia ya unga yakawa dari. Ukitazama juu umelala, unasoma majina ya vinu vya nchi nzima.

Mtaani waliitwa "abiria". "Abiria hamjambo? Mmefika wapi leo?" Marsela akipiga pedali za cherehani watoto walipita wakipiga kelele, "Dereva, ongeza mwendo!" Na hodi ya nyumba hiyo ilikuwa kugonga bati mara moja. Ukigonga mara mbili, Clemensi alijibu kutoka ndani, "Twende!" maana kwa makondakta mara mbili ni ruhusa ya kuondoka. Walicheka pamoja na waliowacheka, na kicheko hakikuwaumiza.

Kilichowaumiza kilitoka Buger.

Yule mama wa kitenge cha kahawia aliyekaa kiti cha nyuma ni Germana, mama yake Marsela. Ni mjane, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na shamba lake la Buger halina jani la bure. Marsela ndiye binti yake pekee. Mimba ya kwanza ya Marsela ilitoka walipokuwa bado kwa baba mkwe. Basi lilipofika Qurus alikuwa tayari na mimba ya pili, na alikuwa anaogopa. Mama yake Clemensi alishatangulia mbele ya haki. Wa kuja kumkanda, kumpikia uji, kumshika mkono siku ile, alikuwa Germana na si mwingine. Asingekuja, ingebidi Marsela arudi Buger kungoja mtoto kwa mama yake, na kila mtu alijua kwamba akirudi huko kwa sababu hiyo, hatarudi tena kwenye basi. Mama yake angehakikisha.

Germana alituma habari kwamba anakuja kuona binti yake anakaa wapi. Siku hiyo Clemensi alifagia hadi chini ya magurudumu.

Sasa yabidi nieleze jambo ambalo majirani hawahitaji kuelezwa. Kwao mtu na mama mkwe wake husalimiana kwa mbali, macho chini, sauti ndogo. Hamgusi. Hamwamrishi. Akimpisha njiani humpisha kwa upana kama anavyopisha maandamano ya Ekaristi. Clemensi alilijua hilo tangu utotoni, na asubuhi nzima alikuwa akijirudia kichwani: macho chini, sauti ndogo.

Germana alikuja, amevaa vya kanisani, kibuyu cha maziwa mkononi. Clemensi alisimama mlangoni pa basi. Mama mkwe akainua mguu, akauweka kwenye ngazi ya kwanza. Ngazi ikalia. Na mwili wa Clemensi, uliokuwa umeisikia sauti ile maelfu ya mara, ukafanya kazi yake bila kumwuliza.

"Panda mama, panda! Nyuma kweupe! Sogea, sogea!"

Na mkono ukamshika kiwiko.

"Alimvuta," Marsela aliniambia, na hata baada ya muda wote ule aliufunika uso kwa kitambaa alichokuwa akishona. "Kaka yangu, alimvuta mama kama gunia la maharage."

"Sikumvuta," Clemensi alisema. "Nilimsaidia."

"Ulinivuta," sauti ya Germana ilitoka kiti cha nyuma.

Siku ile Germana hakupaza sauti. Alishusha mguu. Alikitazama kiwiko chake, kisha akamtazama binti yake, kwa maana mkwe hakutazamika tena.

"Mimi si abiria," alisema. "Nyumbani kwa mtu watu huingia. Hawapandi. Mahali panapopandwa ni safari, na mjukuu wangu hazaliwi safarini. Mwezi ukikaribia nitatuma mtu akuchukue."

Aliweka kibuyu kwenye ngazi na kurudi Buger kwa miguu, siku hiyohiyo.

Clemensi hakula. Marsela alimlaumu, kisha akamhurumia, kisha akamlaumu tena. Kilichomuuma Clemensi zaidi ni kwamba mama mkwe alikuwa na haki. Alijaribu kujifundisha. Alisimama mlangoni peke yake akisema "Ingia, mama. Karibu ndani, mama." Jirani akatokea, akaweka mguu kwenye ngazi, na ulimi ukasema, "Panda!"

Aling'oa magurudumu ili neno likose pa kushika. Mipira ikaenda kwa washona viatu vya katambuga, basi likakaa juu ya mawe. Habari ilifika Buger, na jibu likaja: "Gari lisilo na magurudumu ni gari bovu."

Mtu na mama mkwe wake wakikosana hawasuluhishani wenyewe. Anatafutwa mtu wa tatu, mwenye umri na mdomo. Clemensi alikwenda kwa Hamidi.

"Bosi, ulimi umenifukuzisha mke."

Hamidi aliposikia kisa alishika kaunta ili asianguke kwa kicheko. Kisha akavaa kanzu safi, akafunga sukari kwenye gazeti. Mwaka ule kwenda kwa mtu na sukari ilikuwa ni kwenda na heshima yote uliyonayo. Germana alimpokea vizuri, akamtolea kiti, akapokea sukari kwa mikono miwili.

"Mama," Hamidi alianza, "ulimi wa mtu hufuata kazi yake. Mimi hapa, padri akiingia dukani kunisalimia tu, najikuta namwambia, 'Karibu baba, kupima bure.' Yule kijana hakukudharau. Nimekaa naye miaka. Alikuwa akiwaita hivyohivyo watu wote, wakubwa kwa wadogo, na sijamwona akimwacha mama mwenye mzigo barabarani."

Germana alisikiliza. Akakubali kwamba hakuna dharau. Lakini bado.

"Hukunielewa, baba. Neno limepita, nimelisamehe. Ninachouliza ni kama pale ni nyumbani. Nyumba naijua kwa kilichoota kando yake. Nilipofika pale sikuona kitu. Hebu niambie, pale kwao wamepanda nini?"

Hamidi, ambaye kichwani mwake bado alikuwa mwenye basi, alimshangaa.

"Nani apande, mama? Hapandi mtu! Injini niliitoa mimi mwenyewe."

Kisha Germana, ambaye Buger nzima inajua kwamba hacheki ovyo, alianza kutikisika mabega. Alicheka hadi akaweka chini kikombe. Hamidi alichelewa kuelewa kachekesha nini, akacheka naye kwa adabu, akaelewa, wakaanza upya.

"Na hapo," Hamidi huapa mpaka leo, "mimi nilirudi Karatu bila jibu lolote. Alinishukuru kwa sukari. Basi."

Nimepita lugha nyingi, na katika nyingi kati ya hizo kupanda gari na kupanda mbegu ni maneno mawili yasiyojuana. Kuna watu wasingekuwa na njia ya kutoka katika ugomvi huu. Kiswahili, ambacho wote watatu walijifunzia shuleni na dukani, kiliwakosanisha kwa neno moja na kikawaachia neno hilohilo mkononi.

Siku chache baadaye Clemensi alikuwa mnadani. Marsela alikuwa kwenye cherehani, tumbo limeshamzuia kukaa karibu na sindano, aliposikia jembe likipiga udongo nje. Alidhani ni mbwa anachimbua. Alichungulia kwa dirisha la ubavuni. Mama yake alikuwa ameinama ubavuni mwa basi, kitenge amekikunja kiunoni, anachimba. Kibuyu kidogo cha mbegu kilikuwa juu ya mawe, pale lilipokuwa gurudumu.

"Aayo!" aliita, yaani mama kwa Kiiraqw. "Unafanya nini?"

"Kaa chini, usiinuke ovyo. Udongo wenu huu mzuri, mnauacha bure."

Hakuingia. Alichimba ubavu wa kulia, akazunguka nyuma, akachimba ubavu wa kushoto. Alipanda maboga. Mama aliyejifungua huko hulishwa majani ya maboga yaliyopikwa kwa maziwa, na mboga hiyo ikianza kuota haikuulizi kama ukuta ni wa udongo au wa bati. Marsela alikaa kwenye ngazi akamtazama, akilia na kumenya karanga.

Clemensi alirudi akaona kibuyu cha mbegu na mgongo ulioinama. Alisimama mbali, kofia mkononi, macho chini. Maneno yote aliyojifunza yalimtoka kichwani. Alijua kwamba akifungua mdomo litatoka lile moja, kwa hiyo aliufunga.

Germana alinyooka, akapangusa mikono.

"Mkwe."

"Mama."

"Uliniambia nipande."

Clemensi aliutazama udongo uliochimbwa.

"Nimepanda. Sasa niambie neno jingine."

Marsela anasema mumewe alifumba macho kama mtu anayenyanyua mzigo. Alirudi nyuma hatua kadhaa, mbali na mlango, mikono ameificha mgongoni isije ikamshika mtu.

"Ingia, mama," alisema. "Karibu ndani."

Akaingia. Ngazi ililia, na hakuna aliyesema kitu. Alitazama kitanda, akatazama dari la magunia, akatazama madirisha pande zote mbili, na mlima nje ya kila dirisha. Akaenda moja kwa moja hadi kiti cha nyuma, akakaa.

"Kweli," alisema. "Nyuma kweupe."

Hakuondoka hadi mtoto alipozaliwa na arobaini ikapita. Siku uchungu ulipoanza ni yeye aliyemkanda Marsela, na ni mikono yake iliyompokea Blandina, yule mtoto wa mapajani. Alipozaliwa, mboga za maboga zilikuwa zimeshaanza kuparamia bati, na Marsela alilishwa majani ya nyumba yake mwenyewe.

Nilipokuwa pale, karibu miaka miwili baadaye, basi halikuonekana tena vizuri ukiwa ubavuni. Mimi nilikuja kwa mbele, ndiyo maana nilidanganyika. Maboga yalikuwa yamelifunika hadi paani, na mengine yalikuwa yamelala juu kule kwenye keria, palipokuwa pakifungwa mizigo ya abiria. Germana huja kila msimu kupanda upya, hukaa wiki zake, hurudi Buger. Anadai yeye haji kumwona mtu, anakuja kuangalia shamba.

Usiku ule tulikula ugali na majani hayo ya maboga kwa maziwa. Clemensi alisali kabla ya kula, na sala yake nimeibeba tangu hapo. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa mgeni, kwa Hamidi na kuku wake waliokubali kuhama, kwa mkono wa mama uliochimba. Nikafumbua macho nikidhani amemaliza. "Na kwa kipuri kile," alisema, "ambacho hakikupatikana."

"Amina," alisema Germana kabla ya sisi wote.

Asubuhi lori letu lilitolewa kwenye tope kwa maksai walewale, au ndugu zao. Lilipopiga honi barabarani nilikuwa bado navaa viatu. Clemensi alitoka mbio mbele yangu, mkono juu, akalisimamisha kama zamani. Kisha, kwa furaha ambayo sijaisikia kwa kondakta mwingine yeyote, alinigeukia akanishika kiwiko.

"Panda, bwana, panda! Nyuma kweupe!"

Akashtuka, akatazama nyuma. Germana alikuwa amesimama kwenye ngazi ya basi, boga moja mikononi, la kunipa niende nalo Ngorongoro.

"Huyo sawa," alisema. "Huyo mwambie apande."

Nilipokea boga kwa mikono miwili. Nilisema "naas", ambayo ndiyo asante yao, na yeye akanisahihisha matamshi, nikalisema tena.